Maziwa hayakuwa na habari ya msiba

Mtoto akishatoka na kondo la nyuma likatoka, mwili wa mama hauulizi kilichoendelea. Projesteroni, homoni ya ujauzito iliyokuwa inazuia maziwa, inaporomoka, prolaktini, ile homoni ya kutengeneza maziwa, inabaki inafanya kazi yake, na kuanzia siku ya pili mpaka ya nne hivi maziwa yanajaa, awe mtoto yupo kifuani, yupo wodi ya njiti au mmeshamzika. Hata mimba ikiharibika imefika miezi mitano hivi yanaweza kuja. Haya nimeyajua baadae, nimesoma, nimeuliza wakunga, ila wakati yananikuta sikuwa najua chochote na sikuwa na wa kumuuliza, ndo mana naandika leo japo mume wangu amesema we andika tu lakini ukianza kulia funga simu.

Mtoto wangu wa pili alizaliwa ametimia, akalia vizuri, akanyonya dang'a kidogo, kesho yake akaanza kupumua kwa shida na jioni hakuifikia. Hayo siyaelezi tena, waliotakiwa kuyajua wanayajua. Nataka niongelee maziwa tu, kwa sababu huku kwetu Kusini mtu akifiwa na mtoto mchanga anapewa pole ya mtoto, hapewi pole ya maziwa, na kumbe hayo ndo yatakayokaa nae usiku.

Nilitoka hospitali (siitaji, na kwa nilivyosikia kwa wenzangu ingeweza kuwa yoyote) na karatasi ya ruhusa, panadol, antibayotiki na pole nyingi za kweli kabisa. Nesi alinielekeza kuhusu kidonda, akanipa tarehe ya kurudi, akanishika mkono. Neno maziwa halikutajwa hata kwa bahati mbaya. Sidhani kama alikuwa na roho mbaya, nadhani aliona akilitaja ataniumiza, sasa matokeo yake nikaja kuambiwa na mwili wenyewe.

Tulikuwa tumelala wanawake watupu sebuleni, mikeka mpaka mlangoni, msimu wa korosho na joto la Mtwara la Disemba mnalijua, nikaamka kifua kimelowa nikajua jasho. Kujigusa, titi gumu kama embe bichi na linauma mpaka kwapani. Nikakaa. Chumba cha pili mtoto wa wifi yangu akalia, kile kilio cha njaa, na hapo hapo maziwa yakatoka yenyewe pande zote mbili, yakapita gauni, yakapita kanga, yakafika kwenye mkeka. Sikumuita mtu. Nilichukua ile kanga ya kujifunika nikaikunja nikaikandamizia kifuani mpaka alfajiri, huku namsikia mtoto wa mwenzangu anavyovuta.

Asubuhi kikao kikakaa juu ya kifua changu. Mama mkwe akasema kabichi. Jirani akasema nisinywe maji. Bibi mmoja wa ukoo akasema maziwa ya msiba hayo, yasimguse mtoto wa mtu, yatamdhuru. Shangazi yangu aliyetoka Newala hakusema kitu, alichukua kanga akanizungushia kifuani, akaweka goti mgongoni akakaza fundo mpaka nikashindwa kuvuta pumzi.

Shangazi huyu huyu ndo aliyenicheza unyago. Na unyagoni tulifundishwa mengi jamani, watu wanaosema unyago ni mambo ya chumbani tu hawajui. Tulifundishwa kumshika mtoto, kumweka titi, kukaa na mume kipindi unanyonyesha ili mtoto asibemendwe, yani mpaka namna ya kumkanda mzazi kwa maji ya moto. Lakini hakuna siku tuliimbiwa maziwa yasiyo na mwenyewe. Nilimuuliza pale pale huku ananikaza, shangazi nyie mlikuwa mnafanyaje. Akajibu bila kuniangalia, "Mwanangu, tulikuwa tunayakamulia jikoni, kwenye majivu." Tulikuwa. Miaka yote ile sikuwahi kujua kama na yeye alishawahi kuzika, na sikumuuliza ni mara ngapi.

Sasa kuhusu kufunga kifua niseme kabisa, kama uko kwenye hali hiyo leo usikubali kukazwa vile. Maziwa yakibanwa ndani mirija inaziba, titi linapata maambukizi, unaanza homa na kutetemeka, kipande cha titi kinakuwa chekundu cha moto, na ukichelewa linakuwa jipu la kupasuliwa. Ukiona hivyo ni hospitali siku hiyo hiyo. Kinachosaidia ni sidiria inayoshika vizuri bila kubana, kitambaa cha maji baridi, panadol, na kukamua kidogo tu, kile cha kupunguza maumivu, kwa sababu mwili unatengeneza kwa kufuata kinachotoka: ukitoa kingi unaongeza, ukitoa kidogo kidogo na kuachanisha muda unapungua wenyewe mpaka unakauka. Maji kunywa kama kawaida, kujinyima maji ni kujitesa tu. Kabichi za mama mkwe zilinisaidia kwa ule ubaridi wake, sitaki kumnyang'anya sifa. Kuna na vidonge vya kukausha, kinachotumika sana kinaitwa kabagolini, ila hicho ni cha daktari, sio cha kununua dukani kwa kuambiwa na rafiki, hasa kama ulikuwa na presha au kifafa cha mimba kwenye ujauzito.

Mimi nilikuwa naelekea huko huko kwenye kukausha. Nikarudi hospitali kuangaliwa kidonda, nimekaa kwenye benchi, akaja kukaa bi mkubwa mmoja tuliyezoeana kule wodini, binti yake alikuwa kitanda cha jirani na mimi. Binti alipata kifafa cha mimba, akatolewa mtoto kabla ya wakati, hali ikawa mbaya akakimbizwa Dar. Mjukuu akabaki hapa wodi ya njiti, kilo moja na nusu haijafika, analishwa kwa mrija wa puani. Bibi akaniuliza habari za nyumbani, nikamjibu, akaniangalia kifuani. Nilikuwa nimelowa.

"Mwanangu, wewe unamwaga?"

Nikamwambia, "Namwaga, bi mkubwa."

"Wangu anatafuta."

Hakuongeza neno, wala hakuniomba. Alinyanyuka akaenda kupanga foleni ya dawa na mi nikabaki pale na ile sentensi.

Hapa niweke elimu kidogo kwa sababu nilikuwa najiuliza kwani si kuna maziwa ya kopo. Kwa mtoto aliyetimia, kopo likiandaliwa vizuri anakua. Kwa njiti mambo ni tofauti, utumbo wake bado mchanga mno na maziwa ya kopo yanamuongezea hatari ya ugonjwa wa utumbo kuvimba na kuoza, ambao unaua haraka sana. Ndo mana Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa uzito mdogo apewe kwanza maziwa ya mama yake, yasipopatikana apewe ya mama mwingine yaliyo salama, ndo baadae kopo. Na anachohitaji ni kidogo mno! Mwanzoni yule mtoto alikuwa anapitishiwa mililita chache tu kwa mlo mmoja, na kijiko cha chai ni mililita 5. Nilichokuwa namwaga kwenye kanga usiku mmoja kilikuwa milo yake ya siku nzima na kubaki.

Nilimfuata nesi mkubwa wa zamu. Hakukataa ila hakukubali mbio mbio, na kwa hilo namheshimu, mana maziwa mabichi yanaweza kupitisha virusi vya ukimwi na magonjwa mengine, huwezi tu kumpa mtoto wa mtu kwa sababu una huruma. Nilipimwa upya VVU, kaswende na homa ya ini, na kadi yangu ya kliniki ikapitiwa mwanzo mwisho. Akaniuliza nakunywa dawa gani, navuta, nakunywa pombe, na uraka, ile pombe yetu ya mabibo ya korosho, pia akautaja kwa jina, nikacheka kwa mara ya kwanza tangu nizike. Baba wa mtoto akapigiwa simu Dar akaridhia. Daktari akaridhia. Akaniambia utaratibu wa kuandikwa wa jambo hili hawana, wanaangalia kila kesi. Nimekuja kusoma baadae kwamba mkakati wa dunia wa ulishaji wa watoto wa WHO na UNICEF wa mwaka 2003 unataja kabisa mama mwingine mwenye afya anayenyonyesha kama njia mojawapo, kwahiyo sio jambo la ajabu kama watu wanavyolichukulia, bibi zetu walikuwa wananyonyesheana bila mkutano.

Ila mkutano ulikuwepo, na wa maana. Sisi ni waislamu, na yule bi mkubwa pia, na kwenye dini maziwa ni undugu. Suratun Nisaa aya ya 23 inataja mama waliokunyonyesha na dada zako wa kunyonya kwenye orodha ya wasiooleka. Tukaenda kwa shekhe wa msikiti wetu. Akatuambia kwa madhehebu yetu ya Shafii undugu unathibiti kwa minyonyo mitano inayojitenga, mtoto akiwa ndani ya miaka miwili, na kwamba kukamulia kwenye kikombe au kupitisha kwa mrija hakubadilishi, cha muhimu yamefika tumboni. Kwahiyo huyu mtoto atakuwa mwanangu wa kunyonya, mume wangu atakuwa baba yake, na binti yangu mkubwa ni dada yake, hawaoani milele. Mume wangu ni dereva wa fuso, alikuwa Tandahimba wanapakia korosho, nikampigia. Akakaa kimya muda mrefu nasikia kelele za ghala tu. Akasema, "Nimeridhia. Mwambie shekhe aandike na jina langu." Likaandikwa kwenye daftari, familia hii na ile, majina kamili, tarehe, kila upande ukachukua nakala. Naisisitiza hiyo sehemu ya kuandika kwa sababu Mtwara ni ndogo, leo tunagawana maziwa kesho kutwa watoto wanakutana chuo wanapendana, nani atakumbuka.

Yule bibi wa ukoo wa maziwa ya msiba alisema tena maneno yake mbele ya shekhe. Shekhe akamuuliza, bibi, msiba umeingilia wapi? Akanyamaza. Hakuridhika, mpaka leo hajaridhika, tunasalimiana.

Kukamua sasa. Watu wanadhani ni kubinya chuchu, ukibinya chuchu utaumia na hakitoki kitu. Unanawa mikono kwa sabuni, unaweka kidole gumba juu na vingine chini, nje kidogo ya ile sehemu nyeusi, unasukuma kuelekea kifuani kwanza ndo unabana, unaachia, unarudia, kisha unazungusha vidole upande mwingine. Dakika za mwanzo ni matone, unakata tamaa, halafu ghafla yanaanza kuruka kama mwili umekumbuka kitu. Mi yalikuwa hayaji mpaka nifumbe macho, na nikifumba namuona nani, mnajua wenyewe. Kwahiyo kila kukamua kulikuwa na kulia kwake, nikawa nimezoea, nalia huku nakinga. Kikombe kimechemshwa, kichupa kimechemshwa, kimeandikwa tarehe na saa. Friji ninayo ila umeme nao, mji unaotoa gesi ya kuwashia taa za Dar halafu wenyewe tunakaa gizani, basi nikawa nanunua barafu kwa mama wa juisi, nafunga kichupa kwenye mfuko na barafu ndani ya kikapu, naita bajaji, natoka Magomeni ya hapa hapa Mtwara mpaka wodini. Kwa joto letu maziwa hayakai nje muda mrefu, usijiaminishe.

Mtoto sikumbeba. Bibi yake aliniambia mara kadhaa njoo umuone mwanao, nikawa naishia mlangoni nampa nesi kikapu naondoka. Kuna watu waliliona hilo kama ubaridi. Sikuweza, ndo jibu langu, na naona ni jibu tosha. Kutoa maziwa na kubeba mtoto ni vitu viwili, asikulazimishe mtu kwamba ukianza kimoja lazima umalize na kingine.

Mama yake alirudi kutoka Dar amekonda, maziwa yake yamekata. Nilidhani atanikumbatia. Alinisalimia kwa adabu tu, mikono kwenye kanga. Ilipita muda ndo akaja nyumbani kwangu akaniambia ukweli, "Dada, nilikuwa sikupendi. Nimeamka nimekuta mwanangu ana mama." Nilimpenda siku ile kwa kusema. Nesi alimwekea mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, kangaruu, akawa anamlaza kwenye titi hata kama halina kitu, mtoto anavuta tu, na pole pole maziwa yakarudi, maana hata yakikata mtoto akivuta mara kwa mara yanaweza kurudishwa. Yake yalivyoongezeka mi nikawa napunguza, naruka mkamuo mmoja, baadae mwingine, mpaka nikakauka bila kukazwa na mtu. Siku nilipogundua nimekauka sikufurahi kama nilivyotegemea. Niliona kama nimezika tena, kidogo.

Nimetafuta kujua wenzetu wanafanyaje. Benki ya maziwa ya mama ya kwanza duniani ilianzishwa Vienna mwaka 1909. Brazil ndo vinara, wana benki zaidi ya 200, na kuna sehemu zimamoto ndo wanapita nyumbani kukusanya chupa za maziwa, eti magari ya moto! Afrika Kusini wanazo, Durban walianza 2001. Jirani zetu Kenya walifungua ya kwanza hospitali ya Pumwani, Nairobi, 2019. Benki inapima mama kwanza, kisha maziwa yanapashwa nyuzi joto 62.5 kwa dakika 30 kuua vijidudu, yanagandishwa, yanapelekwa kwa njiti. Na Uingereza na Marekani kuna benki zinazopokea kabisa maziwa ya mama aliyefiwa, hata kama ni yale machache aliyokamua mtoto akiwa bado yupo hai wodini na yakabaki kwenye friza. Zingine zina mti ukutani, kila jani limeandikwa jina la mtoto. Mimi mti sihitaji, ila ile kwamba wanamuita mama aliyefiwa mtoaji, wanamshukuru kwa barua, iligusa sehemu.

Kwa huku kwetu sidhani benki ya kuchanganya maziwa ya wanawake kumi kwenye chupa moja itapita. Jopo la fiqhi, yani wanazuoni wa sheria ya dini, la nchi za kiislamu lilikaa Jeddah 1985 likakataa benki za namna hiyo, sababu hujui nani kanyonya kwa nani. Wapo wanazuoni wengine walioruhusu kwa njiti. Ila si lazima tusubiri wamalize kubishana. Mama anayejulikana kwa mtoto anayejulikana, vipimo vya hospitali, daftari lenye majina, hili linawezekana kuanzia Lindi mpaka Masasi bila mashine yoyote, na mkristo na mwislamu wote linawafaa.

Ninachotaka mimi ni kidogo kuliko benki. Nataka kabla mama aliyefiwa hajapewa ile karatasi ya ruhusa, mtu akae nae dakika tano amwambie maziwa yatakuja, yatakuja lini, yatauma vipi, na amuulize anataka nini. Kuna atakayetaka yakauke haraka, apewe njia. Kuna atakayetaka kuyaacha yaje na kuondoka yenyewe. Kuna atakayetaka kumpa mtoto wa mwenzie. Asisukumwe, maana nimeshaanza kusikia watu wakinitolea mfano, ona fulani alivyojikaza akatoa maziwa, we unashindwa nini. Msinitumie hivyo. Sikujikaza. Nilikuwa na maziwa na bibi akakaa benchi langu, angekaa benchi lingine ningekausha na nisingekuwa mama mbaya. Na wanaoniuliza kama iliniponya, hapana, ilinipa kazi ya kufanya saa tisa usiku wakati nyumba nzima imelala.

La mwisho kwa walioajiriwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 33, inasema mtoto akifariki ndani ya mwaka mmoja tangu azaliwe, mama ana haki ya siku 84 nyingine za likizo ya uzazi yenye malipo ndani ya mzunguko ule ule wa likizo. Mimi ni karani wa ghala, bosi aliniambia mtoto si hayupo, rudi mzigo umejaa, na nilikuwa bado nalowesha blauzi. Nilimchapishia kifungu nikakiweka mezani kwake. Alikisoma mara mbili, akampigia mwanasheria wake, akasaini.